Mkimbiaji Niliyemkanda Kama Bibi Harusi

Mkimbiaji wa kwanza niliyemkanda alilala usingizi mezani akakoroma, na mimi nikasimama pembeni najisifu. Hiyo ilikuwa muda mfupi kabla ya mbio zake. Kabla, siyo baada. Nyinyi mnaosomea kazi hii mmeshajua nilichoharibu, naona mnacheka. Chekeni. Mimi mwenyewe nikikumbuka hucheka mpaka kanga inanidondoka. Lakini mkimaliza mnisikilize, maana vidole hivi vilivyopinda kama tangawizi vimepita juu ya miguu mliyoiona kwenye televisheni, na havikufika huko kwa bahati.

Wengi wenu mnaniita Hajati tu. Wajukuu zangu wananiita Habuba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi. Shule nilitoka mapema, mpaka leo kalamu haijanizoea, kwa hiyo msitafute hapa maneno ya daktari. Nitawaambia kama ninavyowaambia mkiwa mnakunja taulo.

Nilianzia kwa maharusi. Kwetu binti akikaribia kuolewa hufungiwa ndani apakwe dilka. Hiyo ni unga wa mtama uliokandwa kwa mafuta ya simsim, karafuu na sandali, ukafukizwa moshi mpaka ukawa mweusi na kunukia nyumba ya tatu. Unampaka mwari mwili mzima, unasugua polepole mpaka unga unakauka na kudondoka kama makombo ya mkate, na taka zote za ngozi zinatoka nao. Bibi yangu, mama yake mama, ndiye aliyekuwa akiitwa kila penye harusi, na mimi nilimbebea bakuli. Hakunifundisha kwa maneno mengi. Nikikosea alinigonga vidole kwa mwiko, somo likaisha.

"Mkono usitoke mwilini," alikuwa akisema. "Ukiutoa, mwari anashtuka, anakumbuka kwamba anaolewa."

Sheria zake zilikuwa za chumba kile: polepole kama uji unaochemka kwa kuni mbichi, kimya, mafuta ya moto, mlango ufungwe. Mwishoni kulikuwa na kipimo. Unainua mkono wa mwari, unauachia. Ukianguka kama nguo iliyolowa, mwari yuko tayari. Ukisita hewani hata kidogo, rudi mwanzo. Kipimo hicho kilikuwa fahari ya nyumba yetu. Wengine walipima kwa macho, sisi tulipima kwa mkono ulioanguka.

Bibi alipokufa, watu wakaanza kuniita mimi. Maharusi, na wanawake waliotoka kujifungua. Nikakanda hivyo miaka mingi, nikalea, nikamzika mume, nikapata mjukuu wa kwanza, na nilidhani kazi hiyo nimeijua mpaka mwisho wake. Nyinyi pia mtafika mahali mdhani hivyo. Mkifika, jueni mna shida.

Aliyenitoa hapo ni Mkenya mmoja, Mwalimu Kiprono, mtu wa Eldoret, mrefu, mwembamba kama mwanzi. Alikuwa na chumba chini ya kilima cha Lubaga, hapa Kampala, akifundisha watu kuchua wanamichezo. Mke wake alijifungua, jirani akaniita nimkande. Siku chache baadaye mwalimu akaona mkewe anainama kuokota nepi bila kushika kiuno. Akanifuata jikoni nikiwa nanawa mafuta.

"Mama, hii kazi ulisomea wapi?"

"Kwa mwiko," nikamwambia.

"Njoo darasani kwangu Jumatatu."

"Mimi? Nikakae na watoto, umri huu?"

"Meza zangu haziulizi mtu umri, mama. Njoo."

Nikaenda. Nilipofungua mlango nikakutana na picha ukutani, mwanaume mzima amechunwa ngozi kama mbuzi wa Idi, nyama zote nje, na anatabasamu! Nikasema kwa sauti, "Bismillahi, huyu kafanywa nini?" Darasa zima likaanguka kicheko. Msichana mmoja wa Kiganda akamnong'oneza mwenzake, akiniita bibi kwa lugha yao, "Jjajja amekuja kuchua au kuchuliwa?" Nikamjibu papo hapo: "Nimekuja kuchua, na nikimaliza kusoma nitaanza na shingo yako, imekaa upande." Tukawa marafiki tangu siku hiyo. Shingo yake ilikuwa upande kweli.

Majina ya misuli yalinishinda. Yanaanza kwa Kilatini yanamalizia kwa Kiingereza, na mimi nimekaa katikati sina hata mwavuli. Mwalimu akaniambia, "Jina litakuja polepole, usilikimbize. Lakini nyama inaanzia wapi na inaishia wapi, hiyo lazima uijue kama njia ya kwenu." Basi nikaenda sokoni Owino kwa muuza nyama wangu, nikamwomba anitundikie mguu wa nyuma wa ng'ombe, mzima, asiukate. Nikauzunguka. Nikauinua hapa, nikaubonyeza pale, nikafuata nyuzi mpaka zinapogeuka kuwa ule mshipa mweupe mgumu unaoshika mfupa.

"Hajati," akasema, kisu mkononi, "leo unanunua au unasoma?"

"Nasoma."

"Basi soma haraka, wanaonunua wamesimama."

Nilirudi darasani nikielewa. Vijana, kama neno la kitabu limekushinda, tafuta mahali unapoweza kuligusa. Kila mtu aliyepika nyama ya mguu anajua nyuzi zake zinakwenda urefu, na ukizikata kwa urefu huo utatafuna mpaka kesho. Misuli ya mtu ni hivyo hivyo. Unaifuata kwanza, kwa urefu wake, unapandisha kuelekea moyoni. Kukatisha mkono kwa upana ni baadaye, ukishapewa ruhusa. Na ruhusa haitolewi na mdomo. Mwalimu Kiprono alinifundisha kutazama uso wakati mkono uko mguuni. Mtu atakuambia "haiumi, endelea" huku vidole vya miguu vimejikunja kama vya kuku. Msiamini mdomo wa mwanamichezo. Anataka kukimbia, atasema uongo hata mbele ya mama yake.

Sasa, kulikuwa na somo moja nililolikosa. Siku aliyofundisha habari ya kabla na baada ya mbio, mimi nilikuwa Bombo, harusini, nampaka mwari dilka. Niliporudi sikumwuliza mtu nini kilipita. Nilidhani kukanda ni kukanda.

Wakati huohuo likaja suala la kujitolea. Mwalimu alisema cheti bila miguu ya watu ni karatasi ya kufungia karanga, kila mmoja atafute timu awatumikie bure. Mimi nilitumwa Naguru, kwa klabu moja ya mbio iliyokuwa na wasichana wengi, watoto wa askari, wengi wao wa kutoka Kaskazini. Wazazi hawakupenda wasichana wao wachuliwe na wanaume, kwa hiyo walimhitaji mwanamke. Kocha alikuwa Afande Opio, askari mstaafu, kifua mbele, filimbi shingoni hata akila.

"Malipo hakuna," akaniambia. "Chai iko, chapati iko."

"Nimekuja kwa miguu, sikuja kwa chapati."

"Chapati utakula tu. Hapa lazima ushibe, unasimama siku nzima."

Nyumbani nako wifi yangu alikuwa amesikia. Akaja na maneno: "Hajati mzima, umehiji, unakwenda kushika mapaja uwanjani?" Nikamwambia, "Mapaja ya wasichana, tena yamefunikwa taulo. Na wewe daktari alipokuchoma sindano matakoni ulimwuliza kama amehiji?" Akanywa chai yake akaondoka. Nyinyi mabinti, maneno hayo mtayasikia. Jibuni mara moja, vizuri, halafu mwende kazini.

Basi siku yangu ya kwanza. Kulikuwa na mashindano madogo ya vilabu. Wakaniwekea meza kwenye hema, na nikaletewa msichana anaitwa Akello, mrefu, mabega makavu, macho yamemtoka kwa woga. Nikamwona nikasema moyoni, huyu ni mwari wa siku ya mwisho kabisa. Nikashusha turubai la mlango. Nilikuwa nimekuja na mafuta yangu ya simsim kwenye chupa ya chai, yana moto mzuri, na karafuu ndani. Nikaanza kisiginoni nikapanda, polepole kama uji, kimya, mkono hautoki mwilini. Mtoto akahema mara moja, ndefu, macho yakafumba. Nikaendelea. Nje spika inaita watu, mimi niko chumbani kwa bibi yangu. Akaanza kukoroma. Nikainua mguu wake, nikauachia. Ukaanguka puu, kama nguo iliyolowa.

Nikafungua turubai nikamwambia Afande Opio kwa fahari, "Tayari!"

Mimi ndiye niliyesema neno hilo. Tayari!

Walimwamsha kwa maji usoni. Akasimama kwenye mstari ananukia kama siku ya ndoa, anapepesa macho. Bastola ikalia, wenzake wakaondoka, yeye akaondoka baadaye kidogo kama mtu aliyekumbuka amesahau ufunguo. Alikimbia mbio zote akitabasamu. Akawa wa mwisho, na wa mwisho mwenzake alishafika, ameshavaa viatu vya nyumbani.

Afande Opio alikuja hemani na filimbi inaruka kifuani.

"Wewe mama! Hii mtoto yangu umemfanya nini?"

"Nimemlainisha, afande."

"Mimi nilikuambia unilainishie? Mimi napika maharage? Kuanzia leo mguu ya mtu usiguse! Wewe kaa na maji!"

Watu walicheka uwanja mzima. Nilikaa na maji. Sikulia, msije mkadhani nililia. Nilimimina maji kwenye vikombe na masikio yananiwaka moto, nikala chapati yao pia, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Jumatatu nikamweleza Mwalimu Kiprono kila kitu, mpaka mguu kuanguka puu. Alishika meza kwa mikono miwili, machozi yakamtoka kwa kucheka, akaomba nirudie pale pa kukoroma. Alipopata pumzi akanifundisha somo la Bombo, peke yangu, jioni nzima. Na mimi nawapa bure, liandikeni kichwani. Mwili wa mtu anayekwenda mbio umejifunga kama mkono unaotaka kurusha jiwe, na ukiufungua wote umemnyang'anya jiwe lake. Kabla ya mbio ni kuamsha. Mkono wa haraka, mwepesi, mafuta kidogo au hakuna, muda mfupi. Kupigapiga kwa viganja vilivyokunjwa kama kikombe, kutikisa, na mlango wazi asikie makelele. Mzungumzishe, mtanie. Kule kulaza ni baada, tena siyo papo hapo, mwache kwanza atembee, moyo ushuke, anywe. Na ukikuta mahali pana moto peke yake, pamevimba, au kidole kinazama kama kwenye shimo, toa mkono. Hapo ni kwa daktari. Mchuaji anayechua msuli uliochanika ni sawa na fundi anayevuta uzi wa sweta lililotoboka.

"Sasa utarudi Naguru?" akaniuliza.

"Kumwagia watu maji?"

"Maji pia ni kazi, mama. Ukiwa na maji unaona miguu yote."

Nikarudi. Hapa ndipo wengi wenu mngekufa kwa aibu mkafungua duka la chipsi. Mimi nilirudi kila siku ya mazoezi, nikabeba madumu, nikamimina, na nikatazama. Mwalimu alisema kweli. Ukitazama miguu ya watu walewale muda mrefu, inaanza kusema. Nilimjua anayekanyaga kwa nje, anayevuta bega, anayeficha maumivu kwa kuimba. Akello alikuwa akitua vibaya mguu wa kushoto, na shavu la mguu huo, hizo nyama za nyuma chini ya goti, lilikuwa likikaza mapema kuliko la kulia. Sikumgusa. Nilikatazwa, nikatii. Nilimwambia tu: "Huo wa kushoto, mwanangu, ukifika nyumbani uweke juu ya ukuta ulale chali."

Siku moja akanijibu, huku anakunywa, "Mama, ile siku nilikuwa wa mwisho, kesho yake sikuumwa mahali popote. Na usingizi niliolala mezani kwako sijaupata tena nyumbani."

"Nyumbani kuna nini?"

Akanieleza bila kunitazama. Baba yake alikuwa anastaafu uaskari. Nyumba ya kambini ni ya askari aliye kazini, ukistaafu unarudisha. Hawakuwa na nyingine mjini, na wadogo zake walikuwa bado shuleni. Kulikuwa na mashindano ya kuchagua wakimbiaji, ambapo watatu wa mbele huajiriwa uaskari moja kwa moja, wanapewa sare na chumba. Akiingia, familia inabaki Kampala. Asipoingia, wanafunga mizigo.

"Kale, haya," nikasema. "Kunywa maji." Sikuwa na kingine cha kumpa.

Siku ya mashindano ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, udongo mwekundu unashika viatu. Asubuhi zilikuwa mbio za mchujo, fainali baada ya adhuhuri. Akello alipita mchujo vizuri, lakini nilimwona alivyotoka uwanjani, kisigino cha kushoto hakigusi chini. Kijana aliyekuwa akiwachua wavulana alikuwa amezungukwa na wavulana wake. Afande Opio akamwambia msichana ajinyooshe, akaenda kugombana na waamuzi.

Akello hakujinyoosha. Alikuja moja kwa moja kwenye meza ya maji.

"Mama, mguu inakaza kama mbao."

"Afande alinikataza kugusa."

"Afande hatakimbia. Mimi ndiyo nakimbia." Akashika ukingo wa meza. "Ile siku ulinilaza. Leo niamshe."

Nikasukuma vikombe pembeni, nikatandika taulo, nikamlaza kifudifudi palepale juu ya meza ya maji, watu wanapita.

Nataka mjue nilichoogopa. Afande sikumwogopa. Niliogopa vidole vyangu. Kama vingekuta shimo au moto kwenye shavu lile, ingebidi nimwambie, "Mwanangu, usikimbie." Na yeye angerudi nyumbani kufunga mizigo ya watu wote. Nilijua pia kwamba ningelisema neno hilo hata akinilaani. Ukianza kazi hii bila kuwa tayari kulisema, usianze.

Nikashika miguu yote miwili pamoja, mkono mmoja huku, mmoja kule, nilinganishe. Wa kushoto ulikuwa mgumu zaidi, lakini moto wake sawa na wa kulia. Hakuna uvimbe. Nikatembeza vidole gumba kwa urefu, polepole, macho yangu usoni kwake. Hakuna shimo. Hakuna mahali aliporuka. Nyama yote imekaza pamoja, kama ngumi ya mtoto anayekataa dawa. Nikamteremsha asimame kwa ncha ya mguu wa kushoto peke yake. Akapanda. Akashuka. Akapanda tena.

"Unauma kama kisu au kama kamba?"

"Kama kamba."

Alhamdulillahi. Kamba tunaifungua.

Kwanza nikamtuliza, maana alikuwa ametoka mbio na nyingine ilikuwa bado mbali. Nikamlaza tena, chali, nikaweka mguu juu ya madumu mawili, nikapandisha viganja kutoka kisiginoni kwenda gotini, mafuta tone tu, nikamkunja unyayo taratibu kuelekea kwenye ugoko mpaka kamba ikaanza kulegea. Nikampa maji yenye chumvi na sukari kidogo, ndizi mbivu, nikamtuma atembee. "Usikae. Ukikaa nakuchapa." Akatembea.

Spika ilipoanza kuita majina ya fainali, nikamrudisha mezani kumwamsha. Na hapa mikono yangu ikanigomea. Ilitaka kwenda polepole. Miaka yote ile ya uji wa kuni mbichi! Nilikuwa najiambia haraka, haraka, nayo inanyoosha kama iko kwa mwari. Ndipo nikakumbuka kwamba nyumba ya harusi haina chumba kimoja. Ndani mwari analainishwa kimya, lakini nje uani wanawake wanacheza duluka, ngoma inapigwa, vumbi linaruka, hata bibi mwenye fimbo anaitupa fimbo. Nikaanza kuimba duluka palepale kwenye meza ya maji. Mikono ikafuata ngoma. Viganja vikombe, pa-pa, pa-pa-pa, paja kwa paja, shavu kwa shavu, tikisa, piga, tikisa. Akello akaanza kucheka.

"Mama, watu wanatazama!"

"Watazame! Nani alikuambia unakwenda mazikoni?"

Wasichana wa vilabu vingine wakasogea, mmoja akapiga vigelegele. Nikamgeuza chali, nikaweka kiganja changu kwenye unyayo wake wa kushoto. "Nisukume." Akanisukuma kwa nguvu, nikarudi nyuma nikagonga dumu, maji yakamwagika yote. Hicho ndicho kipimo cha mkimbiaji, vijana.

Nilipoinua macho, Afande Opio amesimama mbele yangu, miguu ndani ya maji.

"Mimi nilisema nini?"

"Ulisema nikae na maji, afande. Nimekaa nayo. Huyu amenifuata huku."

Alimtazama Akello. Akello alikuwa anarukaruka mahali pamoja, yuko macho kuliko jogoo. Spika ikaita jina lake. Afande akanyoosha kidole kuelekea kwenye mstari. Msichana akaenda.

Sijui kusimulia mbio kama watangazaji. Najua kwamba wengine walitazama nani yuko mbele, mimi nilitazama shavu moja la mguu. Mzunguko wa kwanza linatua vizuri. Wa pili vizuri. Akello alikuwa katikati ya kundi, matope yamempaka mpaka kiunoni. Katikati ya mbio nikaona kisigino cha kushoto kinaanza kuinuka mapema, nikashika dumu tupu nikalipiga kama ngoma, duluka ileile, kwa nguvu zangu zote. Kama alisikia, kama hakusikia, mimi sijui, yeye anasema alisikia. Kisigino kikashuka. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia, na mtoto yule akatoka kwenye kundi kama mtu aliyeona basi linaondoka. Akampita mmoja. Akampita mwingine. Wakabaki mbele yake wanne, wakawa watatu, na wale wasichana walikuwa wazuri, msidhani aliwapita wagonjwa. Kwenye kona ya mwisho akampita wa tatu, kwenye mita za mwisho akampita wa pili, na wa kwanza alimshinda kwa kifua tu.

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Kilemba kilianguka kwenye matope, sikukiokota.

Akello alipotolewa pale alikuwa analia na kutapika ndizi yangu kwa pamoja. Akaazima simu ya mtu, akampigia mama yake. Hakusema "nimeshinda." Alisema, "Mama, msiuze vitanda."

Nikamwacha atembee, moyo ushuke. Nikakusanya madumu yangu, nikakunja taulo, nikadhani siku imekwisha. Kumbe nikigeuka nakuta msichana amesimama mezani, siyo wa klabu yetu, anashika paja. Nyuma yake mwingine. Nyuma ya huyo wanne wamekaa chini kabisa kwenye nyasi, viatu mkononi, na yule aliyemshinda Akello kwa kifua yumo. Hakuna aliyeuliza cheti. Nikatandika tena taulo, nikachukua wa kwanza. Sasa ilikuwa baada ya mbio, vijana, na kwa kulaza nani angeniweza mjini hapa? Mmoja baada ya mwingine wanapanda wanalia, wanashuka wanapiga miayo.

Nilikuwa nimeinama kwenye mguu wa mtu niliposikia mtu anakohoa karibu yangu. Afande Opio. Filimbi ameitoa shingoni, ameishika mkononi, na mkono wa pili unasugua bega.

"Mama," akasema, "hii bega yangu, tangu nikiwa kazini, usiku hainiachi."

Sikuinua kichwa. Mkono usitoke mwilini.

"Pole, afande. Foleni inaanzia kule."

Akatazama kule. Ilikuwa imefika mpaka kwenye uzio. Nikamsikia anakwenda, viatu vinanyonya matope, mpaka mwisho wa mstari, akawauliza wale watoto kwa sauti ya chini ambayo klabu nzima haikuwahi kuisikia kwake:

"Nani wa mwisho hapa?"